MEYA ALIYECHIMBUA UWANJA WA NDEGE USIKU WA MANANE

Kijana mwenzangu, sogea hapa tuzungumze. Leo nakupeleka Chicago, Marekani, huko ambako wakubwa wetu hukimbilia kila wakitaka kutupa somo la utawala bora. Nataka uone mkubwa wa huko alivyofanya akishatia kura kibindoni.

Lakini kwanza panda ndege. Si yale madege ya mamia ya abiria, la. Kindege cha viti vinne, injini moja, pangaboi moja puani. Mwaka ni 2002 na wewe ndiye rubani. Unatokea kusini, chini yako Ziwa Michigan, maji mpaka macho yanachoka. Kushoto kwako mji mzima umesimama wima: majumba marefu yamebanana kama abiria wa daladala ya jioni, na jumba la Sears Tower limewapita wote kwa mita 442. Mnara wa kuongozea ndege unakuita redioni: kuna mwenzako mbele, yuko karibu kutua, mwingine yuko nyuma yako. Usilete mchezo. Njia ya kurukia ni moja tu, mita 1,200 hivi, imelala kwenye ulimi mwembamba wa ardhi. Kulia ni ziwa, kushoto ni bandari ya mashua. Upepo wa ziwani unakusukuma ubavuni, unairudisha pua ya ndege kwenye mstari, unapunguza moto, magurudumu yanagusa lami. Umefika! Teksi dakika chache, uko katikati ya jiji.

Huo ndio uliokuwa uwanja wa Meigs. Ardhi yenyewe haikuumbwa na Mungu, ni udongo uliomwagwa ziwani miaka ya 1920. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1948, ukapewa jina la Merrill Meigs, mchapishaji wa magazeti aliyeupigania (naam, mtu wa magazeti!). Na kama uliwahi kucheza ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, ule wa Microsoft, basi unaujua hata kama hujawahi kuvuka mpaka wa mkoa wako. Kwa miaka mingi mchezo ulikuwa unaanzia hapo hapo Meigs.

Sasa sikiliza kisa.

Meya wa Chicago alikuwa Richard M. Daley. Baba yake naye alikuwa meya wa mji huo huo, tangu 1955 hadi alipofariki akiwa madarakani mwaka 1976. Mwana akaingia 1989. Mwaka 1996 Mheshimiwa akataka uwanja uwe bustani, akaufunga. Serikali ya jimbo la Illinois ikambana, na mwaka 1997 ndege zikaanza kutua tena. Mwaka 2001 akakubaliana na Gavana George Ryan kwamba uwanja usiguswe kwa miaka mingi ijayo. Bunge la Marekani halikuyageuza makubaliano hayo kuwa sheria, na mtu aliyezoea kushinda akaona mlango uko wazi.

Februari 2003 wananchi wakamchagua tena kwa kishindo. Mwezi mmoja tu baadaye, usiku wa Jumapili tarehe 30 Machi, watu wamelala, mabuldoza yakaingia uwanjani yakisindikizwa na polisi. Wakachimba katikati ya njia ya kurukia alama sita kubwa za X. Kulipopambazuka, ndege 16 zilikuwa zimeegeshwa pale hazina pa kurukia. Wenyewe waliziacha uwanjani, wakazikuta shambani! Na kuna ndege iliyokuwa safarini kuja kutua hapo ikabidi waongozaji waigeuzie kwingine.

Hebu jiulize. Baraza la madiwani liliketi lini? Halikuketi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilipewa taarifa ya siku 30 kama sheria inavyotaka? Haikupewa hata ya siku moja. Meya alipoulizwa akajibu kwamba kufanya kwa njia nyingine kungezua mabishano tu. Umesikia? Mabishano! Mahakama ni mabishano. Gazeti hili ni mabishano. Wewe ukisimama mkutanoni na kuuliza swali, ni mabishano.

Halafu akatoa sababu: magaidi. Eti baada ya Septemba 11, 2001, ndege ndogo karibu na majumba marefu ni hatari. Sawa, tumpime. Mwaka 1996 alipoufunga mara ya kwanza, magaidi gani walikuwa angani? Wakati huo sababu ilikuwa bustani. Na baada ya kuuchimbua, kindege kilishindwa nini kupita juu ya ziwa lile lile kikitokea uwanja mwingine? Alichoondoa ni mnara, yaani macho na masikio yaliyokuwa yakijua nani anapita karibu na mji.

Najua kuna mmoja hapo kijiweni ataruka: "Aa, wewe nawe! Uwanja wa matajiri hao, wenye ndege zao. Bora bustani, hata mlalahoi atakaa chini ya mti."

Ndugu yangu, hapo ndipo wanapotumaliza. Ni kweli, wengi waliotua Meigs walikuwa na pesa, na wakubwa wa jimbo wakipanda hapo kwenda makao makuu Springfield. Ni kweli pia kwamba bustani ipo leo, ina nyasi, ndege wa mbawa na jukwaa la muziki. Hata mimi ningeweza kuipigia kura. Lakini nani aliulizwa? Kama hoja yake ilikuwa nzuri kiasi hicho, mbona aliibeba gizani? Wewe uliyewahi kuamka ukakuta kibanda chako kimelala chali na bidhaa zimetawanyika mtaroni, unaujua mtindo huu. Wenye ndege wana mawakili, wana wabunge wanaopokea simu zao, na bado hawakuliona buldoza likija. Wewe una nani?

Tuje kwenye adhabu. Sheria ilisema faini ni dola 1,100 kwa kila siku ambayo taarifa haikutolewa. Zidisha kwa siku 30: dola 33,000. Basi! Ndiyo bei ya kufuta uwanja uliodumu zaidi ya nusu karne. Bunge lilikuja kupandisha faini hadi dola 10,000 kwa siku, lakini ng'ombe alikwisha toka zizini. Mwaka 2006 mji ukakubali kulipa, pamoja na kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege. Na hazina ya mji ni jasho la nani? La walipa kodi wale wale ambao hawakuulizwa. Mheshimiwa hakuguswa mfukoni. Mwaka 2007 wakamchagua tena, akatoka kwa hiari yake 2011.

Zile ndege 16 ziliruhusiwa kuondoka siku chache baadaye. Zilirukia kwenye kijia cha pembeni, kile cha kujivuta tu kwenda kwenye njia yenyewe. Rubani anashika usukani, anatazama ubavuni, na pale alipotua juzi kwa amani anaona mashimo.