Usinunue Darubini Kabla ya Kuuliza: Zawadi za Bei Nafuu kwa Wapenda Ziwa na Milima

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Mwaka jana hapa ofisini Kisumu tulichanga pesa za zawadi ya mwenzetu, dada wa huduma kwa wateja. Ni mtu wa nje kabisa. Jumamosi, wengine tukiwa bado kitandani, yeye yuko Dunga kabla jua halijatoka, anatazama ndege kwenye mafunjo. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia, na mmoja wetu akafungua kundi la mchango: shilingi 500 kila mtu, watu 12, jumla 6,000.

Darubini ilipatikana kwenye ukurasa fulani mtandaoni. Picha safi, maneno matamu, bei 5,800, na sharti moja: lipa kwanza, utaletewa leo. Tukalipa. Jina lililotokea kabla ya kuweka PIN halikuwa la duka wala la yule tuliyeongea naye. Tukaliona, na bado tukatuma. Sisi, ambao kazi yetu kila siku ni kuwaambia wateja wasome jina kwanza!

Kifurushi kilifika baada ya siku tisa. Ndani kulikuwa na darubini ya plastiki, ya kuchezea watoto. Muuzaji alikuwa ameshatublock.

Hilo halikutuuma kama tulilogundua baadaye. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi alikuwa amekopa kwa simu ile 500 yake. Hakutaka jina lake likose kwenye orodha. Kwa hiyo pesa ilipotea, zawadi haikupatikana, na mdogo wetu akabaki akilipa deni la kitu ambacho hakuna aliyekitumia.

Aliyetusaidia ni mzee wa lango. Alipotusikia tukilalamika, aliuliza swali moja tu: "Vijana, mlimuuliza anakosa nini?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee akasema, "Mimi humwona akiingia zamu ya Jumamosi. Mnamnunulia macho, na shida yake ni miguu. Kila mara viatu vyake vimeloa."

Tulichanga tena, safari hii mwenye nacho akatoa alichonacho. Kibuye tulipata gambuti za saizi yake na koti la mvua la mitumba, vyote kwa 1,150 siku hiyo. Gambuti hizo zimeenda Dunga mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Darubini bado iko kwenye droo ya ofisi.

Msimamo wetu

Tunaona hivi: zawadi ya mtu anayependa nje isipimwe kwa picha ya siku ya kuifungua. Ipimwe kwa mara ngapi itatoka naye na kurudi naye. Ukiitazama hivyo, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, bei inashuka, kwa sababu vitu vinavyotumika sana huku kwetu si vya ghali. Pili, unalazimika kumjua mtu mwenyewe, na kumjua hakuna ada.

Tunajua wengine watasema zawadi ndogo ni dharau. Ati ukimpa mtu gambuti, unamwambia nini? Sisi tunasema unamwambia kwamba umemwona akitembea kwenye matope. Kuna darubini nzuri, na kuna watu zinaowafaa. Lakini darubini nzuri ni ghali, na ya bei ya kutupa haioni kitu. Kama mfuko hautoshi kununua iliyo nzuri, nunua kitu kingine kilicho kizuri.

Nje ya kwetu inahitaji nini

Orodha nyingi za zawadi mtandaoni zimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Zinakuambia ununue soksi za sufu na jiko la kuyeyushia theluji. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, ambayo inapita pale Maseno. Jua letu halina mchezo, na mvua hupenda kushuka mchana ukielekea jioni. Kwa hiyo anza na vitu hivi:

*Kofia pana na chupa ya maji.* Mtu anayepanda Kit Mikayi, lile jiwe la mke wa kwanza kule Seme kwenye barabara ya Bondo, au anayezunguka vilima vya Kajulu, atavitumia kila safari. Kofia ya ukingo mpana huzuia jua la shingoni, kazi ambayo kofia ya kepu haifanyi.

*Gambuti.* Mbali na matope kuna jambo la afya. Maji ya kina kifupi kando ya ziwa yana konokono wanaoeneza kichocho. Mtu anayependa kuingia majini kutazama ndege au kuvuta mtumbwi anahitaji mpira kati ya ngozi yake na yale maji. Saizi ni lazima uijue, kwa hiyo chungulia soli ya kiatu chake.

*Mfuko wa kukinga simu na maji.* Simu ikizama, kitambulisho cha benki yake, picha zake na nauli yake ya kurudi vimezama pamoja. Kabla ya kununua, weka karatasi ya choo ndani, funga, zamisha kwenye ndoo dakika chache. Karatasi ikitoka kavu, lipa.

*Tochi ya kichwa na filimbi.* Hivi ni vya wanaotoka alfajiri au wanaolala kambini. Filimbi ni bei ya soda, lakini mtu aliyepotea njia au boti yake ikazima injini, sauti yake huisha haraka kuliko pumzi ya filimbi.

*Kikapu cha gugumaji.* Mafundi wa hapa Kisumu hukausha gugumaji, lile gugu linaloziba ziwa letu, na kulisuka vikapu. Ni kizuri kubebea chakula cha pikiniki, na pesa yako inabaki hapa hapa ufuoni.

*Viraka vya pancha na pampu ndogo.* Hii ni ya rafiki wa baiskeli. Hana haja ya fulana nyingine yenye picha ya baiskeli.

Zawadi moja tunayoipigania

Kama mtu wako anapanda boti mara kwa mara na hana jaketi la kuokoa maisha, usifikirie kitu kingine. Ziwa hili ni kubwa. Lina takriban kilomita mraba 68,000, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, lakini hata hiyo asilimia 6 inatosha kuzamisha boti. Asubuhi unaweza kuliona limetulia kama chai kwenye bakuli, na mchana upepo ukabadilisha kila kitu. Jaketi za boti nazo si kila mara zinatosha abiria wote, na saizi ya mtoto mara nyingi haipo.

Hapa ndipo mchango una maana. Jaketi nzuri ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu wanane wanaiweza. Usiipunguzie bei kwa kununua iliyochoka. Vuta mikanda yote, kagua mshono, bonyeza sponji ndani. Ikivunjika kama mkate mkavu, iache hapo. Angalia uzito ulioandikwa kwenye lebo kama unalingana na wa mtu wako. Jaketi bovu ni hatari kuliko kukosa, kwa maana aliyelivaa anajiamini.

Mpe siku nzima

Wengine wana vitu vyote na wanakosa nafasi. Huyo mpe safari. Mlipie boti ya asubuhi Dunga, au ingilio la Impala Sanctuary iliyo hapa hapa mjini ufuoni. Kama mfuko unaruhusu, mpeleke Kisiwa cha Ndere, ambacho ni mbuga ya taifa tangu 1986 na ukubwa wake ni kilomita mraba 4 na kidogo tu. Usiku uliotangulia, chukua zamu ya kukaa na watoto wake ili alale mapema. Hiyo ya mwisho haina bei, na kuna mama mmoja hapa ofisini aliyesema angeichagua kuliko zote.

Kwa boti, ongea na nahodha kabla ya siku yenyewe. Uliza maswali matatu: bei ni ya kichwa au ya boti nzima? Ni ya saa ngapi? Jaketi ziko za watu wote? Ufuoni Dunga kuna kamati ya ufuo, BMU, ambayo unaweza kuanzia. Kupatana ni sawa, lakini kwa heshima. "Omera, hiyo ni bei ya mtalii, tufanyie ya jirani," inafungua mlango kuliko kununa.

Kwa mbuga za KWS, malipo hupitia eCitizen, si pesa mkononi getini. Malipo ya serikali kupitia eCitizen huenda kwa Paybill 222222. Mtu akikuambia utume kwa nambari yake binafsi ili "akusaidie kupita", kaa na pesa yako.

Pesa yenyewe ipite njia gani

Tulilipa karo ya somo hili, kwa hiyo chukua bure.

Mchango usiwe na kiwango. Ukiandika "500 kila mtu", umewapa wenye mshahara nafuu na umewabana wasio nao. Andika lengo, taja siku ya mwisho, kila mtu atume anachoweza, na orodha ionyeshe majina bila kiasi. Mweka hazina awe mmoja, na aonyeshe kundi ujumbe wa kila malipo yaliyotoka.

Usikope kwa ajili ya zawadi. Tunajua inashangaza kampuni ya malipo kusema hivi, lakini tumeona. Mkopo wa simu una ada, na ada haijui kama ulinunua unga au ulinunua kofia. Kama huna, nenda na kadi uliyoandika kwa mkono, au jitolee kubeba mizigo siku ya safari. Rafiki wa kweli hatahesabu.

Soma jina kabla ya PIN. Kama unalipa duka, litokee jina la duka au la mwenye duka unayemjua. Likitokea jina geni, simama hapo hapo. Kuuliza ni dakika moja, kurudishiwa pesa ni safari ndefu, na wakati mwingine hakuna kurudishiwa, kwa sababu aliyepokea ameshaitoa.

Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia. Kibuye Jumapili ndiyo siku kubwa, na muuzaji wa mitumba akikuuzia koti lenye tundu utamkuta pale pale wiki ijayo. Ukurasa wa mtandaoni hauna meza. Ukilazimika kununua mtandaoni, omba kulipa ukishapokea mzigo na kuufungua. Anayekataa kabisa, mwache aende.

Na wewe muuzaji unayesoma hapa, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwako, au angalia salio. Picha ya malipo si malipo.

Kabla hujanunua

Tumebaki na desturi moja ofisini. Kabla ya kufungua kundi lolote la mchango, mmoja wetu hutumwa kwa anayekwenda kupewa, kama mzaha tu: "Safari yako ya mwisho, ni nini kilikusumbua?" Majibu huwa madogo. Mbu. Kiu. Mgongo ulichomwa na jua. Simu iliisha chaji. Kila jibu hapo lina zawadi yake sokoni, na nyingi haifiki 1,000.

Yule kijana wa mafunzo alimaliza muda wake kwetu mwezi wa nane. Yeye hupenda kupanda milima ya Homa akiwa nyumbani. Tulimuuliza swali lile lile, akasema kamba ya begi lake ilikatika njiani. Tulilipeleka kwa fundi wa kushona mabegi, akaweka mikanda miwili mipya, minene. Hakuna aliyekopa.