Mto Kagera na Hoja ya Mpaka wa Asili

Wako waandishi wa historia ya Afrika Mashariki ambao, wafikapo Karagwe, huuchukua Mto Kagera kuwa ndio mpaka wa asili wa nchi ile, kana kwamba Muumba aliuchimba kwa ajili ya mabalozi. Dhana hiyo huzaa nyingine: ya kwamba vita ikiisha na jeshi la kigeni likirudi nyuma ya mto, basi haki imetendeka na hapana la kuuliza tena. Dhana zote mbili ni mbovu. Mto ule haukuwa mpaka hadi watu walipopatana uwe mpaka, na wapatanao walikumbuka habari za mto pale tu ulipowafaa.

Mtu asimamaye Murongo, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huitazama Uganda ng'ambo ya maji. Lakini Kinyambo cha upande huu na Kinyankore cha upande ule hukaribiana hata wasemaji wake huelewana, na ukoo wa Wahinda ulitawala Karagwe kama ulivyotawala Nkore. Speke, alipopokewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861, aliikuta dola iliyomo katika biashara na siasa za majirani zake wote. Tena mto wenyewe hauifuati ramani. Hapo Murongo hutenganisha nchi mbili, kisha huingia ndani ya Tanzania hadi Kyaka; na huko mpaka si mto bali ni mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 bila kumwuliza Mukama yeyote.

Hoja ya mto hupimika vizuri zaidi katika mashauri yaliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalitoka Kongo yakaitwaa Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba yakaingia Tabora. Vita ilipokwisha, Waingereza walitaka mshirika wao aondoke katika nchi waliyoikusudia iwe yao. Naye mshirika hakuwa tayari kuondoka mikono mitupu. Wabelgiji walitumaini hata kuibadili ardhi waliyoishika kwa ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo, uliokuwa wa Wareno. Biashara hiyo haikufaulu. Tarehe 30 Mei 1919, Pierre Orts kwa upande wa Ubelgiji na Lord Milner kwa upande wa Uingereza walipatana: Rwanda na Burundi ziwe za Ubelgiji, na Wabelgiji waondoke kwingineko. Ujiji na Kigoma waliziacha mwaka 1921.

Lakini Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda inayoikabili Karagwe, ilitiwa upande wa Waingereza. Sababu? Walitaka njia ya reli itakayotoka kusini ya Afrika hadi Misri, na ng'ambo ya magharibi ya Kagera ilionekana kufaa. Siku hiyo hapana aliyesema kwamba mto ni mpaka wa asili. Asili ilinyamaza, kwa kuwa reli ilikuwa ikisema. (Reli yenyewe haikujengwa huko.)

Mfalme Musinga alilalamika, na Padre Léon Classe wa misheni ya Kikatoliki akamtetea. Ubelgiji nayo haikuchukia kutetewa. Shauri likafika mbele ya tume iliyosimamia nchi za amana katika Shirikisho la Mataifa, Uingereza ikakubali mwaka 1923, na mwanzoni mwa 1924 Gisaka ikarudi Rwanda. Ndipo mto uliposifiwa kuwa mpaka mwema. Waandishi wengi hulitaja jambo hili kuwa mfano wa haki iliyoshinda nguvu.

Haki ya nani? Mfalme alirudishiwa nchi, na hilo halikanushiki. Walakini Gisaka ilikuwa na watawala wake hadi karne ya 19, ilipotwaliwa na Rwanda. Na mwaka 1901 Rukura, wa ukoo wa watawala hao, alipoinua madai ya nchi hiyo, Wajerumani waliiunga mkono baraza ya Musinga, wakamwondoa. Katika 1919 na 1923 madai ya namna hiyo hayakupewa nafasi. Swali lilikuwa Gisaka ni ya nani. Halikuwa watu wa Gisaka wataka nini. Tena Bugufi, katika Ngara, ambayo watawala wa Burundi waliihesabu kuwa yao, iliachwa Tanganyika ingawa Burundi nayo ililalamika. Kama kanuni ilikuwa haki ya wafalme wa kale, ilikoma kabla ya kufika Ngara.

Fimbo hiyo ya mto ikaja kuokotwa na mwingine. Tarehe 1 Novemba 1978 Serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, imekuwa ya Uganda, na mto ndio mpaka. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wakauawa, wakatekwa, na ng'ombe wakaswagwa. Jawabu halisi kwa Amin halikuwa kubishana juu ya maumbile ya mto. Lilikuwa hili: mpaka ni mapatano, na nchi huru za Afrika zilikwisha kuapa mjini Cairo mwaka 1964, kwa azimio lililoletwa na Nyerere mwenyewe, kuiheshimu mipaka waliyoikuta. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin. Uliwahimiza wote wawili wapatane, kana kwamba aliyevunja nyumba na mwenye nyumba ni wagomvi sawa.

Watu watasema kwamba kuikana hoja ya asili ni kuwafungulia mlango wataka kujitenga. Ni kinyume chake. Ajengaye mpaka juu ya asili humpa kila mwenye jeshi ruhusa ya kutafuta mlima au mto umpendezao. Ajengaye juu ya mapatano hawezi kuusogeza peke yake. Tena hulazimika kuwajibu wakaao mpakani, maana mapatano yana wadai, na mto hauna. Hakuna sababu ya kurudisha Gisaka wala Bugufi kokote.

Deni hilo ndilo lililosahauliwa baada ya Kampala kutwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kule Monrovia mwezi wa Julai, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kuvuka mpaka. Shutuma hiyo ilikuja kwa kuchelewa, na kwa vinywa vilivyokuwa vimefungwa Novemba. Swali zito zaidi lilikuwa jingine. Tarehe 20 Juni Yusuf Lule alikuwa ameondolewa katika urais, na Waganda wakaandamana mjini huku askari wa Tanzania wakilinda amani; madai ya Buganda, yaliyozimwa kwa bunduki Mengo mwaka 1966 na kwa katiba mwaka 1967, yalikuwa yakiamka tena. Mabalozi walihesabu askari waliobaki na siku za kuondoka kwao. Askari waliondoka mwaka 1981, na vita mpya ilikuwa imekwisha kuanza katika Luwero tangu Februari. Falme za Uganda zilirudishwa mwaka 1993. Ya Nkore, iliyo jirani ya Karagwe ng'ambo ya mto, haikurudishwa, na kutawazwa kwa mrithi wake mwaka huo kulibatilishwa na serikali.