Breki ni Amana: Kuikarabati Kalipa Nyumbani

Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita, gari la familia halina mapumziko. Asubuhi hupeleka watoto shule, alasiri hubeba mizigo ya dukani, na mwisho wa juma huelekea machimboni, pande za Kakola na Nyarugusu, katika njia za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Vumbi na tope hilo ndilo adui mkubwa wa kalipa za breki.

Kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huisukuma pistoni iliyo ndani yake, nayo huzibana pedi juu ya diski. Raba inayoizunguka pistoni ina kazi mbili: huzuia mafuta yasivuje, na ukiinua mguu huirudisha pistoni nyuma kidogo. Raba ya nje huzuia vumbi. Hii ikichanika, mchanga na maji hupenya, kutu huingia, na pistoni hukwama.

Dalili zake ni hizi: gari kuvuta upande mmoja unapofunga breki, gurudumu moja kupata moto kuliko mwenzake, pedi kuisha bila usawa, na mafuta ya breki kupungua.

Mwenye mkono wa ufundi na subira aweza kuifanya kazi hii nyumbani. Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, na uliegemeze juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Watoto wakae mbali. Vumbi la pedi usilipulize, bali liloweshe kwa maji, kwani ni baya kwa mapafu.

Ondoa pedi, weka ubao mahali pake, kisha mtu akanyage pedali polepole hadi pistoni itokeze. Kuifyatua kwa upepo wa kompresa kumewavunja watu vidole. Kalipa usiiache ikining'inia kwenye mpira wake; ifunge kwa waya.

Safisha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na oili ya injini huzivimbisha raba hizi na kuziharibu. Pitisha ukucha juu ya pistoni: ukinasa kwenye shimo la kutu, nunua pistoni nyingine. Raba za zamani zisirudishwe hata zikionekana nzima. Paka raba mpya mafuta ya breki, kisha usukume pistoni kwa mkono, ikiwa imenyooka. Fanya vivyo hivyo gurudumu la upande wa pili, ili breki zishike sawa.

Tumia mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. DOT 4 mpya hutakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwingine hufungua skrubu, hungoja mapovu yatoke, hufunga, ndipo mguu huinuliwa. Skrubu hiyo iwe juu ya kalipa. Ikiwa chini, umebadilisha kalipa ya kulia na ya kushoto, na upepo hautaisha.

Mwisho, pedali iwe ngumu. Ikizama, au ukiona tone lolote la mafuta, gari lisitoke uani, mwite fundi. Likipita mtihani huo, lijaribu kwa mwendo wa taratibu mahali pasipo watu.

Kwetu sisi gari huazimwa. Jirani atabisha hodi usiku akiwa na mgonjwa, naye hatauliza ulifunga raba gani. Atakuamini tu, na mwenda kwa miguu aliye barabarani amekuamini pia bila kukujua. Basi kama kazi haijakamilika, mwambie ukweli na umtafutie usafiri mwingine, funguo usimpe.