ETI BOTEN ANNA NI UTOTO? HUYU JAMAA KACHEMKA!

Marafiki watatu, simu moja, kelele mtaa mzima. Kisa? Video ya Boten Anna ya Basshunter, Mswidi aliyeitoa 2006. Mmoja wao, yule anayejifanya profesa wa muziki, kaona jamaa anakanyaga pedeli za kiboti majini, akacheka mpaka machozi: "Huu ni utoto, hakuna ujumbe."

Hakuna ujumbe? Kaka, umeuliza maana kwanza? Wimbo unamhusu Anna, anayefukuza wasumbufu kwenye chumba cha kuchati. Mshikaji anaamini ni roboti, programu tu, kumbe ni demu wa ukweli. 2006 hiyo! Leo wangapi wanachati na akaunti bila kujua kama nyuma yake kuna mtu? Na kile kiboti ni utani: kwa Kiswidi neno la roboti wa aina hiyo linakaribiana na la boti, watu wakadhani kaimba chombo cha majini. Haya, akawapa boti yao.

Sasa cheki unafiki. Profesa huyo huyo ana Now You're Gone kwenye simu, anaiita "wimbo wa mapenzi wenye akili". Biti ile ile, Basshunter yule yule! Ila kwa Kiingereza Anna kafutwa, roboti kafutwa, yakawekwa maumivu ya kuachwa kama nyimbo elfu nyingine. Hiyo ndiyo ikawa namba moja Uingereza Januari 2008. Yaani stori ikitolewa ndiyo ujumbe unaingia?

Rafiki wa tatu alipozipiga zote mbili mfululizo, profesa kanyamaza, eti simu inakata chaji.