Kizuri Chajiuza? Tuletewe Ushahidi

Hoja zenyewe mmezisikia: kwa kinyozi, redioni, kwenye viti vya nyuma vya matatu ya Embu kwenda Nairobi. Zinasema kwamba mtu anayezunguka akiwapendekezea wenzake wanamuziki huru, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao, anapoteza wakati na pengine anaringa tu. Nimezisikiliza hadi mwisho. Naziweka mbele yenu kama wenyewe wanavyozisema. Mahakimu ni nyinyi.

Ya kwanza imejikinga na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wimbo ukiwa mzuri utafika wenyewe, na mfano wao ni "Ha-He" ya Just A Band, iliyolipuka mtandaoni mwaka 2010 ikamfanya Makmende, mhusika mkuu wa video yake, shujaa wa nchi nzima. Haya. Bendi hiyo ilikuwa imetoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008, na "Ha-He" imo katika albamu yao ya pili, 82, ya mwaka 2009. Watu walewale, kipaji kilekile, wimbo uleule. Kama uzuri ndio unaousafirisha wimbo, mbona huu ulikaa kitako hadi video ilipotoka, Wakenya wakaanza kutumiana na kubandika sura ya Makmende kwenye kila picha waliyoipata? Mwaka 2010 waliongezeka wasambazaji, uzuri ulikuwa palepale. Shahidi wao amenitetea mimi.

Nao "Kothbiro" je? Bendi ya Black Savage iliutoa mwaka 1976. Ayub Ogada akauimba upya katika En Mana Kuoyo, albamu iliyotolewa mwaka 1993 na Real World, lebo ya Peter Gabriel wa Uingereza. Mwaka 2005 ukasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West akachota kipande cha rekodi ile ya Black Savage akakitia kwenye "Yikes". Kila kituo kina mtu aliyesikia, akamgeukia mwenzake akamwambia asikilize. Safari ya miaka 42, na hakuna hatua ambayo wimbo ulijipeleka.

Hoja ya pili inakiri kimyakimya kwamba ya kwanza imeanguka. Sasa wanasema mpendekezaji anahitajika, ila yupo tayari mfukoni: programu ya simu, inayojua unachopenda kuliko rafiki yako na isiyo na upendeleo. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Programu inakumbuka kila ulichocheza usiku wa manane, na imewahi kunionyesha mambo mazuri. Hilo la kutokuwa na upendeleo ndilo lisilosimama. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, ina mpango uitwao Discovery Mode: msanii anakubali kulipwa mrabaha pungufu, na wimbo wake unasukumwa zaidi masikioni mwa watu. Mtangazaji wa redio angefanya mapatano ya namna hiyo na wasanii tungemwitaje? Tena tangu mwaka 2024 wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi mrabaha wowote huko. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu aliyerekodi wimbo chumbani kwake anatakiwa kwanza avuke kizingiti hicho, ilhali programu inaupima wimbo kwa watu waliokwisha kuusikiliza. Wale wa kwanza kabisa wanatoka wapi, kama si kwa mtu aliyewatumia?

Ya tatu ndiyo hupigiwa makofi: muziki huo ni wa Nairobi, wa watu wa Blankets and Wine, wa Kiingereza; sisi huku Embu tuna mugithi na tuna Wimwaro FM. Ni kweli kwamba tamasha lile, alilolianzisha Muthoni Drummer Queen mwaka 2008, halikubuniwa kwa mfuko wa muuza muguka. Na sina ugomvi na redio ya lugha ya mama. Lakini ingieni kwenye ukumbi wa mugithi Jumamosi usiku. Mpiga gitaa akichoka na Kikuyu anahamia kwa Jim Reeves, Mmarekani wa Texas aliyefariki mwaka 1964, na ukumbi mzima unaitikia kwa Kiingereza. Hakuna aliyemwomba Reeves kitambulisho.

Na "wetu" ni nani? Joseph Kamaru, mzee wa Murang'a aliyefariki mwaka 2018, hakuna atakayemkana. Mjukuu wake, anayeitwa pia Joseph Kamaru na kujiandika KMRU, alitoa albamu ya Peel mwaka 2020: sauti za kielektroniki, vipande virefu visivyoimbwa. Hapo Kiingereza kiko wapi? Mjukuu huyohuyo ndiye anayezirudisha rekodi za babu yake mtandaoni, kwenye Bandcamp. Wenye hoja watuonyeshe mpaka unapita wapi katika familia hiyo.

Sasa iwekeni hoja ya tatu kando ya ile ya kwanza. Kizuri chajiuza, muziki huu umepata wanunuzi Nairobi, Embu haujulikani. Basi uzuri wake hushukia Makutano, ukakosa gari la kupitia Mwea? Wakibanwa hapo hukimbilia kusema kwamba redio hucheza kinachoombwa na wasikilizaji. Hakuna anayeomba wimbo asioujua.

Hoja ya mwisho ni ya kashfa: mpendekezaji anaringa, na wimbo ukishajulikana anautupa. Wapo wa namna hiyo, nawajua, wanaochukia wimbo siku makanga anapouimba. Ila shtaka linatulaumu kwa mambo mawili yasiyokaa pamoja: tunawabandikia watu nyimbo wasizoziomba, na tunazificha zisijulikane. Wachague moja. Wakishachagua, wasikilize flashi iliyochomekwa kwenye redio ya matatu wanayopanda kila siku. Nyimbo zimeunganishwa na DJ anayepaza jina lake kila baada ya dakika chache, juu ya sauti za watu ambao hawataji hata mara moja mpaka mnafika stejini. Huyo hajawahi kuitwa mringaji. Anayeitwa hivyo ni yule anayekuandikia jina la mwimbaji.