Uzi Umekuwa Mwembamba, Kichwa ni Kile Kile

Miezi mitatu kabla ya nikahi ya mwana wa ndugu yangu, niliingia nyumbani kwao Mji wa Kale, Mombasa, nikakuta hapana raha. Binti wa nyumba alikuwa akimshonea kakake kofia ya viua, na kofia imeharibika. Mchoro ulikuwa wa marehemu mama yetu: nyota ya pembe 8 juu, na maua 16 kuzunguka ukanda. Mama alishona kwa uzi mnene ambao mtoto aliutafuta madukani asiupate. Akatumia uzi mwembamba, na viua vikatoka vimelegea, nguo imekunjamana kama iliyolaliwa.

Dada yetu mkubwa alikwisha kutoa hukumu: "Uzi huu si wa mchoro huu. Nendeni mkanunue ya mashine, msitutie aibu."

Mtoto akanigeukia. "Ami, nawe wasemaje?"

Ndugu wasomaji, mimi si mshonaji. Nilitoka chuoni na juzuu zangu, nikaingia katika utunzi. Lakini mtunzi ajua kuhesabu. Shairi la mizani 16 ukitaka kuligeuza liwe utenzi wa mizani 8, huukati kila mshororo katikati ukadhani umemaliza. Vina vitakukimbia na maana itabaki nje. Huna budi kuhesabu upya, huku ukijua lipi ni roho ya shairi na lipi ni nguo yake tu.

Nikamwambia mtoto asikate kofia nyingine kwanza. Achukue kipande cha bafta, ashone ua moja kwa uzi wake, mishono akiikaribisha mpaka kiua kikaze, kisha akifue, akitie wanga, akipige pasi, ndipo apime. Nguo isiyofuliwa ni shahidi wa uongo.

Ua la mama lilikuwa na upana wa sentimita 3.5, maua 16 yakafanya 56, nacho ndicho kipimo cha kichwa cha bwana harusi. Ua la uzi mwembamba lilitoka sentimita 2.8. Basi maua 16 ni sentimita 44.8 tu, kofia ya mtoto mchanga! Akasema, "Ami, nitashona maua 20." Kwa hesabu ni sawa, 20 mara 2.8 ni 56 kamili. Lakini kila pembe ya nyota hushukia kati ya maua mawili na mawili, na 20 haigawanyiki kwa 8. Angeshona 20, pembe nyingine zingeangukia pasipo mahali. Angeifanya nyota ya pembe 10, isingekuwa tena kofia ya mama.

Akafikiri usiku mzima. Asubuhi akaja na jawabu ambalo mimi nisingelipata: maua yabaki 16, na baina ya ua na ua ile nafasi ya sentimita 0.7 ijazwe safu moja ya viua vidogo vilivyosimama. Ukanda nao, uliokuwa na kimo cha sentimita 9, mchoro wake umeshuka hadi 7.2, akaongeza pindo la viua juu na chini, 0.9 kila upande. Nyota ya juu akaizungushia duara jipya.

Wafumaji wa soksi za sufu katika nchi za baridi wanalijua jambo hili. Mwenye mchoro wa misuko akipata uzi mwembamba, huongeza vitanzi, tena kwa idadi inayokubaliana na misuko yake, na hukumbuka kwamba msuko huivuta nguo ikabana. Mguu haupungui kwa kuwa uzi umepungua.

Maoni yangu basi ni haya. Dada alikuwa na haki ya kuuchungia heshima mchoro, lakini alikosea kudhani kuulinda ni kuuacha. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, hata miezi. Binti akivunjwa moyo mara moja harudi tena kwenye sindano, na mchoro huo utazikwa naye. Nanyi mama zetu wa Lamu, Pate, Siyu na hapa Mombasa, msiwaachie watoto mchoro peke yake. Waachieni na kipande kilichoshonwa, na kipimo chake, na neno la kuwaambia lipi lisiguswe.

Siku ya nikahi dada aliivua kofia kichwani mwa bwana harusi, akaigeuza akihesabu kwa kidole. Alipofika pembe ya nane akairudisha mahali pake. "Hii yetu," akasema, akaenda zake jikoni.