Maria Laach: mlango ule ule, wageni gani?

Nimechoka na makala za safari. Kila anayeandika juu ya abasia ya Maria Laach, kule Ujerumani, anaanza na ziwa (kweli ni zuri, limejaa kwenye shimo lililoachwa na volkano), anahesabu minara 6 ya kanisa, anataja mwaka 1093 ilipoanzishwa, halafu anakupeleka duka la vitabu na kukushauri ulale hotelini. Kamaliza! Huo ni uandishi au ni tangazo?

Wenye nyumba ni Wabenediktini, watawa wa kanuni ile ile tunayoijua sisi kupitia Peramiho na Ndanda. Kanuni hiyo inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Vizuri. Sasa tuulizane: mgeni gani?

Aprili 1933 alibisha hodi Konrad Adenauer. Wanazi walikuwa wamemng'oa umeya wa Köln mwezi uliotangulia. Abate Ildefons Herwegen, aliyesoma naye shule, akampa chumba, na Adenauer akakaa humo miezi mingi akisoma vitabu. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949. Hadithi hii inapendwa, na inastahili.

Lakini Julai 1933, Adenauer akiwa bado humo ndani, abasia hiyo hiyo ilipokea mkutano wa wasomi wa Kikatoliki kuhusu dola mpya. Akaja Franz von Papen, makamu wa Hitler serikalini, akitokea Roma kutia saini mkataba na Vatikani. Na Abate Herwegen mwenyewe aliisifu hadharani serikali ile. Baadaye matumaini yake yalivunjika, sawa, ila mwaka 1933 alisema alichosema.

Najua wapo watakaoniambia, "Kijana, acha kuchafua nyumba ya Mungu." Jamani, mimi nichafue nini? Wanahistoria wa Ujerumani wenyewe wameshayaandika haya zamani. Tena anayemdhulumu abate ni huyu anayetusimulia nusu. Kumhifadhi rafiki si ajabu. Kumhifadhi mtu aliyefukuzwa na serikali unayoisifu, hapo ndipo pana mtu wa kumtafakari, na hapo ndipo waandishi wetu wanapogeuza kamera kuelekea ziwani.

Nendeni, wageni wanakaribishwa. Pigeni picha mpaka mchoke. Lakini mkirudi mezani kuandika, Adenauer na Papen wote wawili walipita mlango ule. Andikeni majina yote mawili.